Juni Niliyoiweka Kando Simu Janja

Sisi tuliozaliwa Tanzania Bara mwanzoni mwa miaka ya 1970 tulikua mpaka utu uzima bila kioo chochote chenye mwanga, yaani skrini, ndani ya nyumba, na wanafunzi wangu hudhani natia chumvi ninapowasimulia. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka hiyo hiyo ya 1970, na sisi wa Tanga tulizipata habari zake kwa ndugu waliovuka maji kwenda Pemba na kurudi. Huku Bara vituo vya kwanza vilianza kurusha matangazo mwaka 1994, nami wakati huo nilikuwa nimeshatimiza miaka 20. M-Pesa ilikuja mwaka 2008, mkongo wa baharini wa Seacom, unaotuletea intaneti, ukaanza kazi Julai 2009, na katika miaka michache iliyofuata barua, gazeti, redio, saa ya ukutani, kamera, daftari la matumizi ya nyumbani na hata tochi vyote vilihamia ndani ya kitu kimoja kinachoenea mkobani. Kwa hiyo nilipoamua kupumzika na skrini sikuwa nikienda kujifunza maisha mageni. Nilikuwa nikiyarudia maisha niliyoyaishi kwa miaka mingi kabla ya simu janja.

Ninafundisha Baiolojia katika shule moja ya sekondari jijini Tanga. Umri wa makamo una uzito ambao vijana hawajaubeba: wazazi wamezeeka na wanakutegemea, watoto wamekua lakini bado wanakutegemea, kazini umekuwa mkubwa anayeulizwa, na katika ukoo umefikia daraja la watu ambao jambo haliamuliwi kabla hawajaarifiwa. Zamani mizigo hiyo ilimfikia mtu kwa zamu. Siku hizi yote humfikia kwa wakati mmoja na kwa njia moja. Katika simu yangu kulikuwa na kundi la ukoo wa baba, kundi la ukoo wa mama, la walimu wote wa shule, la walimu wa sayansi, la wazazi wa darasa ninalolisimamia, la kikoba, la tuliosoma pamoja, la majirani, na juu ya hayo makundi ya muda yanayoundwa kwa ajili ya harusi na misiba, ambayo aghalabu hayavunjwi hata shughuli yenyewe ikisha.

Aliyewahi kuwa katika kamati ya harusi anajua ninachokisema. Orodha ya michango hutumwa ikiwa na majina yote, ahadi upande mmoja na taslimu upande mwingine, na kila mtu anapoongeza chake orodha nzima hunakiliwa na kutumwa upya, hata ikawa kamati nzima inaisoma orodha ile ile asubuhi, mchana na usiku ili kuona jina moja lililobadilika. Ninapenda harusi, na ninaamini kwamba kuchangiana ni katika mambo yaliyotuweka pamoja kama jamii. Lakini ujumbe unaoingia saa tano usiku, huku nikisahihisha madaftari, ulinifanya niishi katika hali ya kuitwaitwa bila kukoma, na mtu anayeitwaitwa hatulii hata pale ambapo hakuna anayemtaka kwa jambo la maana. Nilianza kujiona nikimjibu mume wangu nusu nusu, nikisali haraka, na nikisoma ukurasa mmoja wa kitabu mara kadhaa bila kuuelewa.

Lililonisukuma zaidi ni usingizi. Mwanamke anapokaribia ukomo wa hedhi, ambao kwa wengi hufika kwenye umri wa miaka 50 hivi, homoni ya estrojeni hupanda na kushuka bila mpangilio kabla ya kupungua moja kwa moja, na mojawapo ya matokeo yake ni joto la ghafla linalomwamsha usiku akiwa ametota jasho. Hilo ni la mwili na halina wa kulaumiwa. Mama zetu walilipitia: waliamka, wakajifuta, wakanywa maji, wakageuza mto, wakalala tena. Mimi nikiamka nilikuwa naichukua simu kando ya mto ili nijue ni saa ngapi, na nikitazama saa nakuta ujumbe, na nikifungua ujumbe nakuta mwingine, mpaka adhana ya alfajiri inasikika sijarudi usingizini. Joto lilikuwa likiniamsha kwa dakika chache tu. Kilichonikesha ni kioo.

Sababu yake naifundisha kidato cha tatu katika mada ya uratibu. Ndani ya retina kuna seli ambazo kazi yake kubwa si kuona maumbo bali kuuarifu ubongo kama ni mchana au ni usiku, na seli hizo huamshwa zaidi na mwanga wa buluu, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 480 hivi, ambao vioo vya simu na kompyuta huutoa. Mwanga huo ukiingia machoni usiku, tezi ya pineali hupunguza kutoa melatonini, ambayo ni homoni inayoutayarisha mwili kulala. Mtu wa makamo, ambaye usingizi wake tayari umekuwa mwepesi, hana akiba ya kuchezea hapo. Kuhusu macho yenyewe nitasema kwa ufupi: baada ya miaka 40 lenzi ya jicho huwa ngumu na haijikunji kwa wepesi ili kuona vitu vya karibu, na anayekodolea kioo hupepesa kope mara chache kuliko kawaida, hivyo macho humkauka. Daktari alinipa miwani ya kusomea na kunishauri nitazame kitu kilicho mbali, kama mita 6, kwa sekunde 20 kila baada ya dakika 20 za kazi ya kompyuta. Ushauri huo umenisaidia na naufuata mpaka leo, ila wasiwasi ulikuwa mahali ambapo miwani haifiki.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini inayotuunganisha na dunia, EASSy na Seacom, ilipata hitilafu upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikadorora katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwa miongoni mwa zilizoathirika zaidi. Simu za kawaida ziliendelea kupigwa na kupokelewa. Wenye kazi zinazotegemea mtandao walipata hasara, nami siwezi kuiita siku ile njema kwa kila mtu. Lakini nyumbani kwangu jioni ile niligundua kwamba kifua kimekuwa chepesi, nikakaa nikitafuta sababu. Kioo kilikuwa kile kile na kilikuwa kinawaka. Kilichobadilika ni kwamba hakuna mtu duniani aliyekuwa akiningojea nijibu, kwa maana kila mtu alijua kwamba haiwezekani. Hapo nikaelewa kuwa sehemu kubwa ya wasiwasi wangu haikutoka kwenye mwanga wala kwenye habari zenyewe. Ilitoka kwenye hofu ya kuonekana nimenyamaza, na hofu hiyo haiondoki kwa mtu kuzima simu kimyakimya, kwa sababu wengine hawajui kwamba imezimwa. Mapumziko ya namna hiyo yangenizidishia mashaka. Ilibidi yawe mapumziko yanayojulikana.

Likizo ya shule ya mwezi wa Juni ilikuwa karibu, nikaanza kuyatayarisha kama mtu anayeaga kabla ya safari. Kwanza nilimweleza mume wangu na watoto. Kisha nikampigia simu kaka yangu mkubwa, ambaye ndiye msemaji wa ukoo wetu, nikamwomba ruhusa. Nalitumia neno hilo kwa makusudi, kwa sababu katika familia yetu mtu hajitoi kwenye mazungumzo ya ukoo kwa kuamua peke yake. Aliniuliza kama kuna aliyeniudhi. Nilipomweleza habari ya usingizi alinipa pole, akasema jambo lolote zito atanipigia mwenyewe. Kwa mkuu wangu wa shule nilikwenda ofisini, tukakubaliana kwamba taarifa za kikazi atanipa kwa simu ya kawaida au kwa ujumbe mfupi. Mwisho niliandika katika kila kundi maneno machache ya heshima kwamba mwezi huo sitakuwa nikisoma humo, na kwamba mwenye haja nami apige simu au aje nyumbani, na karibu sana.

Nilinunua simu ya kitochi nikahamishia laini yangu humo. Wengi huogopa hatua hii kwa ajili ya fedha, kwa hiyo naliandika kwa faida yao: huduma za fedha kwa simu hapa kwetu hazihitaji intaneti. Nilipiga *150*00# kama siku zote, nikamtumia mama fedha ya dawa Muheza, nikalipa umeme, nikatoa mchango wa harusi. Kitochi hukaa na chaji siku kadhaa na kina tochi nzuri. Nilinunua pia saa ya mezani yenye kengele, ya kutumia betri, na sijui kama kuna fedha nyingine ndogo kama ile iliyonifaa kiasi kile. Simu janja niliifungia kabatini ikiwa imezimwa.

Si wote waliolipokea vizuri. Mwalimu mwenzangu mmoja alisema kwamba naringa, kwamba nimejiona mkubwa wa kutafutwa. Maneno hayo yaliniuma, lakini yana msingi katika malezi yetu. Asiyeitikia salamu huhesabiwa kuwa ana kiburi, na kundi la simu limekuwa kibaraza ambacho watu husalimiana, hivyo anayejiondoa huonekana kuwa amewapa wenzake mgongo. Ninamshauri yeyote wa umri wangu asilipuuze hilo, na asifuate tu ushauri ulioandikwa na watu wa nchi ambako mtu huweza kutoweka kwa mwezi mzima na asiulizwe.

Siku za mwanzo zilikuwa ngumu. Mkono ulikwenda wenyewe kwenye mkoba, nikawa nahisi mtetemo pajani hali simu iko kabatini. Niliona uchovu mkubwa uliochanganyika na kero, na jioni zilikuwa ndefu kupita kiasi. Nilikumbuka njiwa wa mwanasaikolojia wa Kimarekani B. F. Skinner, ambaye majaribio yake tuliyasoma chuoni: njiwa aliyepata punje baada ya idadi ya midonoo isiyotabirika alidonoa kwa bidii na kwa muda mrefu, na hata punje zilipokoma hakuacha upesi. Ujumbe mwingi ulioingia kwenye simu yangu haukuwa na thamani, lakini mara moja moja huingia ule wenye thamani kubwa, kwamba mwanangu amefaulu mtihani, kwamba presha ya mama imeshuka, kwamba mtoto wa ndugu yangu amejifungua salama, na haujulikani utaingia saa ngapi. Ni kule kutojulikana kunakoufundisha mkono kurudi na kurudi. Nilipojua kwamba la muhimu litakuja kwa simu kuita, na kwamba isipoita hakuna la muhimu, mkono ulianza kutulia polepole.

Usingizi haukurudi kwa usiku mmoja, na joto la ghafla lilibaki pale pale. Lakini niliamka gizani, nikajifuta, nikanywa maji, na kwa kuwa saa ilikuwa mezani imegeukia ukutani sikujua ni saa ngapi wala sikuwa na haja ya kujua. Baadaye nikaanza kulala tena kabla sijamaliza kuwaza jambo moja. Upepo wa kusi ulikuwa unavuma, Tanga ina ubaridi wa kupendeza mwezi huo, na jioni nilitembea kwa miguu na mume wangu mpaka Raskazone tukarudi, jambo ambalo tangu watoto wawe wakubwa tulikuwa tumeliacha.

Katikati ya mwezi alifariki mzee wa mtaani kwetu. Habari ililetwa na kijana aliyetumwa kubisha hodi, nikajifunga kanga nikaenda. Siku hizi tumezoea kuandika pole kundini, na pole ya maandishi ina mahali pake, hasa kwa walio mbali. Lakini kwa kuwa sikuwa na mahali pa kuiandika, ilibidi niende kukaa. Nilikatakata vitunguu na wanawake wenzangu, nikaosha masufuria, nikakaa mkekani na binti wa marehemu alipokuwa hana la kusema, na mpaka tunaondoka nilikuwa nimejua jinsi yule mzee alivyofanya kazi katika mashamba ya mkonge ujanani, jinsi alivyowasomesha ndugu zake, na kwa nini aliheshimiwa vile. Miaka yote nilikuwa nikimpa shikamoo njiani bila kuyajua hayo. Nilirudi nyumbani nimechoka mwili na nimetulia moyo, na nadhani vitu hivyo viwili vina uhusiano ambao uchovu wa kioo hauna, kwa sababu huo huuacha mwili umekaa pale pale na kuuchosha moyo peke yake.

Nilipokuwa mtoto, Redio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Baba alipandisha sauti ya redio, sisi tukanyamaza, habari zikasomwa, zikaisha, redio ikateremshwa. Matangazo ya vifo nayo yalikuwa na wakati wake, na barua zilikuwa katika sanduku la posta ambalo baba alilifungua Jumamosi akitoka sokoni. Dunia haikuwa na misiba michache kuliko sasa. Tulikuwa na vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, tukawa na upungufu wa bidhaa madukani, na baba alikuwa na majukumu mengi kuliko mimi. Tofauti ni kwamba kila jambo lilikuwa na saa yake, na saa ya jambo moja ilipokwisha, mtu aliachiwa nafasi ya kulitafakari kabla ya kufika jingine. Mwezi ule wa Juni nilirudi kusikiliza taarifa ya habari ya saa mbili, mara moja kwa siku, nikiwa nimekaa. Nilijua yaliyotokea nchini vizuri kuliko nilipokuwa nikiyapata vipande vipande tangu asubuhi, tena nilipata muda wa kuyajadili na mtu niliyekaa naye.

Lililonigusa kuliko yote linamhusu mdogo wangu, ambaye anaishi Muscat na mumewe. Kwa miaka mingi tulikuwa tukitumiana sauti za kurekodi, yeye akiwa jikoni, mimi nikiwa kwenye bajaji, kila mmoja akimsikiliza mwenzake alipopata nafasi. Tulijiona tuko karibu, na kwa namna fulani tulikuwa karibu kweli. Nilipoiweka simu kando tulikubaliana kwamba atanipigia kila Ijumaa alasiri, kwa kuwa Ijumaa kwao ni siku ya mapumziko. Mwanzoni tulizungumza habari zile zile za watoto na bei za vitu. Kisha, katika mojawapo ya simu hizo, maneno yalituishia na hakuna aliyekata, tukabaki tunasikiliza kimya cha mwenzake, na ndipo aliponiambia kwamba amechoka kuishi ugenini na kwamba amekuwa akifikiria kurudi tangu mwaka uliopita. Katika sauti zote alizonitumia hakuwahi kulisema. Dada, aliniambia, jambo kama lile huwezi kulirekodi na kulituma halafu ukangoja.

Yapo niliyoyakosa. Ukumbi wa harusi moja ulibadilishwa na taarifa ikatolewa kundini tu, kwa hiyo tulifika bibi harusi akiwa ameshaingia. Picha za mjukuu wa dada yangu niliziona baada ya ukoo mzima kuziona. Yule mwalimu mwenzangu ilinichukua muda kumrudisha karibu, na nilifanikiwa kwa kwenda kwake nyumbani, si kwa maandishi.

Shule zilipofunguliwa Julai niliirudia simu janja, kwa sababu kazi ilinitaka, na kwa sababu sitaki kuwa mbali na watu wangu. Sikuirudia yote. Kitochi ndicho kinacholala chumbani, kwa ajili ya mama akizidiwa usiku, na simu janja hulala sebuleni. Makundi huyasoma saa kumi jioni, baada ya vipindi, nikiwa nimekaa mezani kama ninayefungua barua, na kabla ya magharibi nakuwa nimemaliza. Kaka aliyapenda makubaliano yetu, na sasa katika kundi la ukoo habari za ugonjwa na vifo huanza kwa simu kupigwa kwa wakubwa, halafu ndipo huandikwa.

Kundi la wazazi ndilo ambalo bado sijalipatia jibu kamili. Wengi wao ni wachuuzi na madereva wa bodaboda wanaofunga kazi usiku, na ni saa hiyo ndipo wanapopata nafasi ya kuuliza habari za watoto wao. Siwezi kuwaambia kwamba swali lao limechelewa. Nimewaomba waandike wakati wowote na wasiningoje usiku huo huo, nami nitajibu kesho yake jioni, na mwenye jambo la haraka apige. Baadhi wamezoea na wengine bado wanalalamika. Mama lishe mmoja wa Ngamiani, ambaye mwanawe alikuwa akitoroka vipindi, ameona kungoja mpaka jioni hakumfai, na sasa hupita shuleni Jumatatu asubuhi akitoka kununua mahitaji, tukazungumza langoni, sisi wawili na mtoto akiwepo, kabla ya kengele ya kwanza.